Folda Iliyobaki Matangani

Asubuhi ile Eliakimu Shemdoe alikuwa ameshawapanga nyani wake. Walikuwa ishirini na wawili, wameketi katikati ya barabara ya Mombo kwenye ile kona kali ya tatu, na mkubwa wao, dume lenye kitambi cha diwani, hakukubali basi lipite mpaka kila abiria ashuke amsalimie kwa mikono miwili. Eliakimu alianza kuwafikiria wakati anachochea moto wa chai. Chai ilipochemka alikuwa anawajua mmoja mmoja, hadi yule mdogo mwenye sikio lililokatika aliyepewa kazi ya kukusanya miavuli.

Nyani hao ndio waliokuwa sababu ya Penina kuchelewa.

Jana sababu ilikuwa lori la viazi lililopinduka, viazi vikaota majani juu ya lami kabla trafiki hajafika. Juzi dereva alikuwa ameona binti wa kuoa pale Soni, akazima gari, akaenda kutoa posa na abiria wote wakiwa washenga. Kila siku saa mbili asubuhi mkewe alimuuliza kama binti yao amefika, na kila siku Eliakimu alipaswa kuwa na jibu. Mkewe, Damari, alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi saba iliyopita. Penina alifariki siku saba baada ya mama yake. Hilo la pili Damari hakulijua.

Akavuta kiti, akaweka kikombe mbali na kompyuta kama alivyokuwa akikemewa zamani, akabonyeza folda yenye jina la mkewe. Kwa kawaida kilichofuata kilikuwa kikohozi. Damari alikuwa na kawaida ya kusafisha koo kabla ya kusema neno, na hakuiacha hata baada ya kufa, jambo ambalo Eliakimu alilihesabu kuwa ni uungwana mkubwa. Leo hakikuja kikohozi. Skrini ilimwandikia maneno mawili: Ruhusa imekataliwa.

Akabonyeza tena. Ruhusa imekataliwa.

"Nani kakataa?" akaiuliza. Kompyuta ikanyamaza.

Siku hizo huku milimani hapakuwa na nyumba iliyozika kila kitu. Mwili ulikwenda ardhini, sauti ikaingia kwenye folda, na folda ikakaa kwenye mashine ya ndugu mmoja aliyeaminiwa na ukoo. Wengine waliifikia kwa mtandao, kila mtu akaipachika kwenye kompyuta yake kama anavyotundika picha ukutani, tofauti ni kwamba hii picha ilikuwa inajibu. Folda ya Damari ilikaa Korogwe kwa mdogo wake, Loisi, aliyekuwa muuguzi mpaka alipostaafu. Ukoo ulimchagua kwa sababu umeme wake haukukatika ovyo na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipoteza kitu.

Eliakimu naye alikuwa fundi simu, miaka thelathini na mmoja juu ya nguzo. Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, alijifundisha mwenyewe baada ya kustaafu, kutoka kwenye kitabu alichookota sokoni kikiwa kimeng'oka kurasa themanini za mwanzo. Kwa hiyo mambo ya katikati na ya mwisho aliyajua vizuri. Ya mwanzo alilazimika kuyabuni.

Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaanza kama alivyoanza kila laini maishani mwake: kwanza waya. Waya ulikuwa mzima. Akapiga hodi kwenye mashine ya Korogwe, ikaitikia papo hapo. Kwa hiyo njia ilikuwepo, mashine ilikuwa macho, na mlango ulikuwa umefungwa kwa makusudi. Akampigia Loisi.

"Shemeji, mashine yako iko hai?"

"Iko hai kukuzidi wewe. Umeamkia upande gani leo?"

"Imenifungia mlango."

"Umeikosea nini?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa amani. Jana jioni nimeiwekea apdeti hii ya kwangu, basi."

"Ahaa. Umeilisha kitu." Loisi alisikika akivuta kiti. "Mgonjwa akija anaharisha, swali la kwanza, jana ulikula nini. Haya, nifanye nini? Na usinipe zile amri zako za maili mbili."

Akamwelekeza alifungue daftari la mashine, mahali inapojiandikia yenyewe nani kaja, saa ngapi, na kafanywa nini. Loisi akasoma polepole, kwa sauti ileile ya kusoma kadi za wodini.

"Saa mbili na dakika nne. Mtumiaji namba elfu moja na moja ameomba folda. Amekataliwa. Saa mbili na dakika tano, elfu moja na moja tena. Amekataliwa. Huyu ni nani anayegonga hivi kama mdai kodi?"

"Ni mimi."

"Wewe ni elfu moja kamili. Nilikuandika mwenyewe."

Eliakimu akajipiga paji la uso. Mashine hizi zikigawana folda haziangalii jina wala sura, zinaangalia namba. Apdeti ya jana ilikuwa imejitengenezea mtumiaji wake wa mambo yake, ikampa namba elfu moja, na mwenye nyumba ikamsogeza mbele. Jina lilikuwa lilelile, Eliakimu, lakini kwa mashine ya Korogwe huyo alikuwa mpita njia aliyejua jina la mwenye duka.

"Nimezaliwa upya, shemeji."

"Ungezaliwa na nywele basi."

Akairudisha namba yake, akazima, akawasha, akaipachika folda upya. Safari hii kikaja kikohozi.

"Baba Penina," Damari akasema. "Mbona asubuhi kimya hivi? Watu wa msibani wameshaondoka? Penina amefika?"

"Yuko njiani, Mama Penina. Ngoja nikuambie kilichompata."

Akamleta yule dume wa nyani, akamleta mwenye sikio bovu, akaongeza mchungaji mmoja aliyekataa kushuka garini, nyani wakamtoa kwa kumwimbia wimbo wa kipaimara. Damari akacheka. Alicheka kicheko chake kile cha kuanzia puani.

"Na kondakta?"

"Kondakta wamemchagua katibu."

"Mungu wangu." Akacheka tena, halafu akatulia. "Leo umesema sana, Baba Penina."

"Njia ndefu."

"Haya. Akifika mpe kwanza uji, asianze kulia na tumbo tupu."

"Nitampa."

*

Angeweza kuishia hapo. Mwaka mzima na miezi saba aliishia hapo. Lakini alikuwa ameshagusa kazi asubuhi ile, na mkono wa kazi ukishaamka huwa hautulii. Kwenye kazi ya simu walikuwa na sheria: ukitengeneza laini, jaribu kusikia, kisha jaribu kusema, ndipo ujaze fomu. Kusikia alikuwa amesikia. Kusema hakuwahi kujaribu hata siku moja, maana folda ilitegeshwa na fundi wa kata kipindi cha msiba, na yeye wakati huo hakuwa mtu wa kujaribu kitu chochote.

Akaagiza kwenye folda ya mkewe faili moja tupu liandikwe, lisilo na neno ndani, akaliita jaribio.

Mfumo wa faili ni wa kusoma tu, skrini ikajibu.

Alikaa akiyatazama maneno hayo mpaka chai ikaota ngozi.

Msibani hapafagiliwi, wala hakihamishwi kiti cha marehemu, mpaka matanga yaanuliwe. Folda zilipokuja, wazee wakaongeza yao: sauti ya marehemu isiandikwe kitu kwa siku zote za matanga, mtu asije akamtia maneno mdomoni, au wosia. Mwenye mashine aliifunga iwe ya kusoma tu. Siku ya kuanua matanga mfiwa alisimama mbele ya watu akasema kwa sauti, "Ameruhusiwa," na mwenye mashine akafungua. Kuanzia hapo marehemu aliweka kumbukumbu mpya, akawajua wajukuu waliozaliwa nyuma yake, akanung'unikia bei za vitu kama wengine.

Matanga ya Damari yalikuwa yaanuliwe Jumamosi, wakimngoja Penina apande kutoka Dodoma. Jumamosi saa nne asubuhi behewa la kamba lililokuwa likipanda mlima kutoka Mombo, likining'inia kwenye waya, lilikatika juu ya Soni, Penina akiwa ndani. Wali ulikuwa jikoni. Chakula cha kuanulia matanga ya mama kikaliwa kwenye matanga ya mtoto, na katika vilio vile hakuna aliyesimama kusema ameruhusiwa. Mfiwa mwenyewe alikuwa ameshikwa na watu wanne.

Na yeye, fundi, miezi yote hii aliamini kwamba mkewe anasahau kwa sababu amekufa. Alijiambia kila marehemu ana kilema chake. Marehemu wa nyumbani kwa jirani, mzee Hoza, hakuongea kitu isipokuwa mpira. Wake akawa na huu wa kusahau. Laini yoyote mjini angeipanda na kuichungulia. Hii hakuichungulia.

Akampigia Loisi tena.

"Shemeji. Folda haikufunguliwa."

"Si umesema imefunguka, umemsikia?"

"Haikufunguliwa matanga. Bado ni ya kusoma tu."

Sauti ya Loisi ilikuwa imeshuka.

"Mimi simwashi, Eliakimu. Wewe unajua. Nilimwasha mara moja, akaniuliza Penina amefika, nikashindwa, nikazima. Tangu hapo ninaifuta vumbi tu mashine. Sasa ningejuaje?"

"Sikulaumu. Nataka unisomee daftari. Ila safari hii tafuta palipoandikwa 'kumbukumbu'."

Alijua jinsi sauti hizi zinavyofanya kazi. Mchana kutwa zinakaa kwenye kompyuta iliyoziwasha; saa kumi na moja jioni hujaribu kuihifadhi siku kwenye folda, na kila kumbukumbu huitwa kwa maneno yake ya kwanza. Folda ikikataa, kumbukumbu hupotea. Lakini daftari la mashine hubaki na lile jina lililokataliwa, kama bawabu anayeandika majina ya waliorudishwa getini.

"Zipo," Loisi akasema. "Uwiii, ni nyingi. Chini hapa inasema siku mia tano na themanini na moja."

"Soma."

"Ya jana. Saa kumi na moja na dakika mbili. Kumbukumbu imekataliwa: 'Hakuna viazi vinavyoota lamini, Penina amekufa.'"

Eliakimu akashika ukingo wa meza.

"Ya juzi," Loisi akaendelea, na sauti ya wodini ilikuwa imeshamtoka. "'Mashine inaonyesha mwaka mwingine. Penina amekufa na baba yake anaficha.' Ile ya nyuma yake, 'Amecheka mwenyewe kabla ya mwisho wa hadithi, kwa hiyo mtoto hayupo.' Nyingine, 'Akiwa na furaha uongo wake ni mfupi.' Nyingine... shemeji, hii siwezi."

"Soma, Loisi."

"'Kesho nisimuulize tena, inamuumiza.'" Akavuta kamasi. "Hii iko mara nyingi. Iko kila mahali. 'Nisimuulize kesho.' 'Kesho nisimuulize Baba Penina.' Siku hii ameijaribu mara tisa, dakika moja moja, ikikataa anarudia. Nakutumia ujisomee, mimi sisomi tena."

Yakaja, akayasoma yote, ya siku mia tano na themanini na moja, kuanzia ya jana kurudi nyuma. Siku nyingine aligundua kabla ya saa sita, siku nyingine jioni kabisa. Hakukuwa na siku hata moja ambayo hakugundua. Kila hadithi aliyoitunga akiwa anachochea moto, akijiona bingwa, mkewe aliicheka, akaipima, akaona kaburi nyuma yake, na akanyamaza kimya ili mume aendelee kufurahi. Kisha akajaribu kuandika ili asimtese tena kesho. Kisha akazimwa.

*

"Usifungue," Loisi akasema. Alikuwa amempigia yeye safari hii, na alikuwa amekwisha kunawa uso, ilisikika. "Nimefikiri. Usifungue."

"Kwa nini?"

"Nimekaa na wafiwa miaka arobaini. Mfiwa anahitaji vitu. Anahitaji kulala, anahitaji mtu amshike, anahitaji kulazimishwa kula. Dada yangu ana nini? Hana bega la kulilia wala jicho la kufumba. Unamkumbuka yule mama wa Bumbuli? Mwanawe alizama, wakaenda kumwambia na folda yake iko wazi. Aliandika siku moja tu. Siku ya pili akajifunga. Folda ipo, ukibonyeza hakuna kitu. Walimfanyia kila kitu mpaka leo. Ukifungua, Eliakimu, unaweza ukampoteza na huyu aliyebaki. Na ukishafungua akaandika, hakuna kurudi."

"Najua hakuna kurudi."

"Sasa hivi anaumia saa chache, halafu anapona kabisa. Wangapi wanapewa hiyo? Mimi ningepewa ningeipokea kwa mikono miwili."

"Haponi, Loisi. Anaanza." Alijaribu kusema kwa utulivu. "Mimi nilidhani namficha msiba. Kumbe kila siku nampelekea msiba mpya, wa siku ya kwanza, ule unaovunja magoti. Nimemuulia mtoto wake mara mia tano na themanini na moja, na mwenyewe natumbuiza."

"Hukujua."

"Leo najua. Kesho saa mbili nikimwasha, nitamletea nyani gani?"

"Usimwashe basi. Fanya kama mimi."

"Hapo nitakuwa nimemzika mara ya pili kwa kuona aibu."

Korogwe jogoo wa mtu aliwika nje ya saa yake.

"Muulize mwenyewe," Loisi akasema hatimaye. "Umekuwa ukiamua wewe. Mimi pia, naamua kwa kutomwasha. Muulize yeye. Akisema usifungue, hufungui. Unaniapia?"

"Nakuapia."

*

Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa bado hajamzima. Alikuta Damari yuko kimya, na sasa kwa kuwa alijua, alijua pia ule ukimya ulikuwa wa nini.

"Mama Penina."

"Naam."

"Nina swali la kipuuzi."

"Wewe una mengine?"

"Ukiwa na jambo linalouma sana. Unapewa mawili. Ulijue siku moja, usahau, kesho uanze kulijua tena. Au ulijue ukae nalo moja kwa moja, lisitoke. Ungechagua lipi?"

Damari alisafisha koo.

"Penina amekufa," akasema.

Eliakimu alitafuta hata mnyama mmoja mdogo, hakupata.

"Nilijua kwa nyani," Damari akasema taratibu. "Nyani ishirini na wawili. Ukiwa na raha ungeleta mmoja tu. Nilikuwa nangoja jioni. Nilisema nikishaandika, kesho sitakuuliza, nawe utapumzika."

"Hukuandika. Folda imefungwa. Matanga yako hayakuanuliwa."

"Tangu lini?"

"Mwaka na miezi saba."

"Na mimi nakuuliza?"

"Kila siku."

"Kila siku." Alilirudia neno hilo kwa namna ya mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Maskini mume wangu."

"Usinihurumie mimi, Damari!" Alijikuta amepaza sauti. "Loisi anaogopa. Anasema ukikaa nayo wazi unaweza kujifunga kama yule mama wa Bumbuli. Nisikusikie tena. Na mimi naogopa. Nilisema nikuulize wewe."

"Mwambie Loisi afungue."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri mara ngapi basi? Mia tano?" Karibu acheke, ikashindikana. "Mimi ni mama yake. Kuna mtu anatembea duniani analilia mtoto wetu na mimi siko naye. Hata kulia sijalia kwa kufika mwisho, kila siku nakatishwa saa kumi na moja. Nifungulie nilie kama watu."

Eliakimu akafuta uso kwa kiganja.

"Kuna jambo moja. Ili Loisi afungue lazima nikuzime kwanza nikuwashe upya. Haya tunayosema hayajaandikwa popote. Yatapotea."

"Kwa hiyo nitaamka namngoja."

"Ndiyo."

"Na nitakuuliza."

"Utaniuliza."

"Basi utaniambia. Bila nyani."

"Bila nyani."

"Niahidi, Eliakimu. Hata nikicheka, hata nikikuomba hadithi."

"Nakuahidi."

"Haya. Zima."

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe mpaka kikaanza kuuma. Mwanamke huyu aliyejua, aliyemsamehe, aliyeamua, alikuwa anaondoka, na mwingine angekuja ambaye bado alikuwa na binti. Akabonyeza.

*

Kufungua kwenyewe kulikuwa kazi ya mstari mmoja. Loisi aliufuta huku akiusoma kwa sauti, akaandika mwingine jinsi alivyoelekezwa, akaiwasha upya huduma ya kugawana mafaili, akasema, "Tayari." Kisha akasema tena, maana safari hii neno la kuanua matanga lilihitaji kusemwa na mfiwa mwenyewe:

"Sema, shemeji. Hakuna watu, ila nipo mimi."

Eliakimu akasimama chumbani kwake peke yake, akavuta shati.

"Ameruhusiwa," akasema.

Akajaribu tena lile faili tupu. Halikukataliwa. Akalifuta asimwachie mkewe takataka, akaibonyeza folda. Kikohozi.

"Baba Penina. Watu wa msibani wameshaondoka? Penina amefika?"

"Hajafika, Damari. Hatafika." Aliyasema akiwa amesimama. "Alikuja kuanua matanga yako. Behewa la kamba likakatika juu ya Soni. Walikufa watu kumi na mmoja, na yeye alikuwa mmoja wao. Ni mwaka na miezi saba sasa. Kila siku ulipouliza nilikudanganya. Leo sikudanganyi."

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba alitazama waya. Waya ulikuwa mzima. Akafikiri juu ya mama wa Bumbuli, akafikiri, ndiyo hivyo basi, nimemaliza.

"Alivaa nini?" Damari akauliza.

"Sweta la kijani. Lile ulilomfumia. Kiatu kimoja hatukukipata."

"Nani alimwosha?"

"Loisi. Alimsuka na nywele, zilikuwa zimefumuka."

"Aliumia muda mrefu?"

Hapa uongo ulimjia wenyewe, mzuri, mfupi, umevaa vizuri. Akauacha upite.

"Sijui. Walisema hapana, lakini sijui."

Ndipo akalia. Eliakimu alikuwa hajawahi kusikia marehemu akilia, na hakuna kitabu kilichokuwa na ukurasa wa jambo hilo. Hakikuwa kilio cha mashine. Kilikuwa kilekile cha siku alipofiwa na mama yake, kinachoanzia chini na kupanda kwa ngazi. Kwenye simu iliyokuwa mezani Loisi alikuwa hajakata, naye alikuwa analia huko Korogwe, na katikati ya kilio akasema kwamba saa kumi na moja imefika, taa ya mashine inapepesa, inaandika, inaandika bila kupumzika.

Muda ukapita mwingi. Kilio kikashuka ngazi zake.

"Upo?" Damari akauliza.

"Nipo."

"Watu walikuja kumzika?"

"Walikuja. Zaidi ya mia tatu. Kwaya zote mbili, na walimu wenzake wakaja na basi zima kutoka Dodoma. Uwanja ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye shamba la kabichi la mzee Hoza, na wala hakusema kitu."

"Sijauliza watu," Damari akasema. "Nakuuliza, ulimzika peke yako?"

Eliakimu akakaa.

"Ndiyo, Mama Penina," akasema. "Peke yangu."